Jiwe la kilo 50 nililolinyanyua kwa mkono mmoja

Simu iliingia saa nne asubuhi, namba ngeni. Aliyepiga alijitambulisha kuwa ni fundi wa redio, yuko kijiji kimoja huko Dodoma, anafunga simu za upepo kwenye zahanati zisizofikiwa na mtandao. Akaomba radhi kwa usumbufu, kisha akauliza kama ndiye mimi niliyetafsiri kitabu cha mafunzo walichopewa.

"Ndiye mimi," nikamjibu.

"Basi dada yangu, nisaidie ukurasa wa 31. Umeandika kwamba ardhi ikiwa kavu, chini ya mlingoti uwekwe uzito wa kusawazisha. Ardhi ya huku ni kavu kweli kweli. Sasa hilo jiwe ni la kilo ngapi, na tunalining'iniza wapi? Maana nina zahanati nne na sikuletewa jiwe hata moja."

Ilikuwa mwaka 2006. Nilikuwa nimeshatafsiri kwa miaka sita na nilijiona nimeiva. Nikafungua nakala ya Kiingereza mezani huku yeye akiningoja. Neno lenyewe lilikuwa "counterpoise". Nikakumbuka jinsi nilivyolitafsiri: nilifungua kamusi, nikasoma kwamba ni uzito unaolingana na uzito mwingine ulio upande wa pili, nikaandika "uzito wa kusawazisha", nikaendelea na sentensi inayofuata. Sikujiuliza mlingoti wa redio una uzito gani hata utafutiwe wa kuulinganisha. Mtu yuko juani na mkanda wake wa kupimia, wauguzi wanne wanasubiri redio, na mimi nimemtuma kutafuta jiwe ambalo halipo.

Nikamwomba anipe nusu saa. Siku hiyo nilimrudia jioni, na jibu lilikuwa nusu tu. Jibu kamili nimekuwa nikilitafuta tangu hapo, na ndilo ninaloliandika hapa.

Nianze na redio yenyewe. Antena ya mlingoti mmoja ni nusu ya kitu. Umeme unaopanda kwenye mlingoti na kushuka mara mamilioni kwa sekunde unahitaji nusu ya pili ya kusukumana nayo. Kwa kawaida nusu hiyo huwa ni ardhi. Unapigilia fimbo ya chuma kwenye udongo wenye unyevu, unaunganisha waya, basi. Lakini penye mchanga, mwamba, au udongo uliokauka, umeme haupati njia nzuri ardhini. Hapo mafundi hutandaza nyaya kuanzia kwenye shina la mlingoti, zikiwa juu kidogo ya ardhi na bila kuigusa, ziende pande mbalimbali. Nyaya hizo huchukua nafasi ya ardhi. Hakuna jiwe, hakuna kilo. Watu wa redio waliliazima tu neno la mizani, na mimi nikalirudisha dukani.

Nasema dukani kwa sababu huko ndiko ninakoijulia mizani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na duka la rejareja Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Mizani yake ilikuwa ya mhimili mmoja na vitanga viwili vya shaba vilivyoning'inia kwa minyororo. Kitanga cha kushoto kilikuwa cha mawe: robo, nusu, kilo, kilo mbili. Cha kulia kilikuwa cha mchele, maharage, sukari au dagaa. Chini ya kitanga kimoja palikuwa na kipande cha risasi kilichobanwa kwa waya, kwa kuwa vitanga vyenyewe havikuwa na uzito sawa. Kila mwaka mkaguzi wa vipimo alikuja, akayapima mawe, akagonga muhuri mdogo mgongoni mwake. Bibi aliyasugua kwa limau siku moja kabla, utadhani ni watoto wanaokwenda kupigwa picha.

Kulikuwa na mzee mmoja mteja wake, mtu wa maneno machache, ambaye akinunua mchele hakuacha kusema, "Bi Mkubwa, geuza." Bibi hakukasirika hata siku moja. Alichukua mawe akayapeleka kulia, akauhamishia mchele kushoto, wote wawili wakatazama mshale ukitulia. Kwa utoto wangu niliona wanacheza. Nilipofundishwa nyenzo darasani ndipo nilipoelewa. Mkono mmoja wa mhimili ukiwa mrefu kuliko mwingine hata kwa unywele, mizani inaweza kutulia katikati huku ikidanganya, na njia ya kuikamata ni kubadilishana vitanga, kwa kuwa uongo uliokuwa upande huu utajitokeza upande wa pili. Mzee hakumshuku Bibi. Alikishuku chuma, na Bibi alimheshimu kwa hilo. Akishaondoka, Bibi alikuwa akisoma kwa sauti ya chini mwanzo wa sura ya 83, ile ya ole wao wapunjao, ambao wakijipimia hudai kamili na wakiwapimia watu hupunguza.

Kwa hiyo mizani kwangu ilikuwa sawa kwa sawa, kilo kwa kilo. Aliyenitoa hapo ni baba yangu.

Baba alikuwa karani wa mizani katika ghala la mkonge. Kule hakukuwa na vitanga. Kulikuwa na mizani ya jukwaa, bamba la chuma sakafuni ambalo robota zima la mkonge, kilo 250, liliviringishiwa juu yake, na pembeni nguzo yenye mhimili mrefu. Mwishoni mwa mhimili palining'inizwa mawe bapa ya duara yenye mfereji, yaingie kwenye kijiti bila kuanguka. Siku moja ya likizo, nikiwa na miaka tisa, aliniambia nimletee jiwe la kilo 50. Niliyatazama yamepangwa, nikaona moja limegongwa maandishi hayo waziwazi: 50 kg. Nikatanua miguu kama nilivyowaona wapagazi wakifanya, nikalikamata kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nikaanguka chali. Jiwe lilikuwa jepesi kama kopo la maziwa. Nikalinyanyua tena kwa mkono mmoja, nikalizungusha, nikayasoma yale maandishi mara ya pili.

Baba hakunicheka. Alichuchumaa akanionyesha. Ndani ya ile nguzo na chini ya lile bamba mna nyenzo juu ya nyenzo. Uzito ulio karibu na egemeo huinuliwa na uzito mdogo uliosimama mbali. Mizani ile ilikuwa ya moja kwa mia. Jiwe lenyewe lilikuwa nusu kilo. "Hili si kilo hamsini," akaniambia. "Hili linaijibu kilo hamsini."

Linaijibu. Neno hilo nimelibeba tangu siku ile bila kujua kwamba ningelihitaji. Na ajabu iliyonikuta miaka mingi baadaye, nilipoanza kulichimbua neno langu la ukurasa wa 31, ni kwamba mawe ya namna ile, yaliyoandikwa uzito mkubwa kuliko uzito wake, Kiingereza cha wapimaji kinayaita kwa jina hilohilo, "counterpoise". Nilikuwa nimeshalishika mkononi nikiwa na miaka tisa.

Neno lina vipande viwili. Cha kwanza ni cha Kilatini, "contra", yaani dhidi ya, au upande wa pili. Cha pili ni "poise", ambacho leo Waingereza wanakitumia kumsifia mtu aliyetulia, asiyebabaika, anayejibeba vizuri. Msichana akisimama mbele ya umati bila kutetemeka, husema ana "poise". Lakini neno lilipoingia Kiingereza maana yake haikuwa utulivu. Lilikuwa ni uzito tu, uzito wa gunia, uzito wa jiwe. Lilitoka kwa Wafaransa, waliolipata kwenye Kilatini "pensum", kitu kilichopimwa, linalotokana na kitenzi "pendere", kuning'iniza, kupima kwa kuning'iniza. Ukipima lazima uning'inize, na bibi yangu angeelewa hilo bila kamusi.

Wafaransa wenyewe baadaye walilikosea. Wasomi wao walidhani neno lao la uzito linatokana na Kilatini "pondus", wakalichomekea herufi d isiyotamkwa, na imebaki mpaka leo: "poids", "contrepoids". Kiingereza kilikuwa kimeshachukua neno kabla ya kosa hilo, kwa hiyo chenyewe hakina d. Napenda sana vitu kama hivi. Kosa la wasomi wa karne nyingi zilizopita bado liko madaftarini mwa watoto wa shule za Lubumbashi na Bujumbura wanaojifunza Kifaransa.

Mwishoni mwa karne ya 14 kitenzi chake kilikuwa kimeshaingia Kiingereza: kuweka uzito upande wa pili. Kisha maana ikaanza kutembea. Kutoka uzito ikawa hali ya mizani iliyotulia. Kutoka mizani iliyotulia, kufika karne ya 17, ikawa moyo uliotulia, na karne iliyofuata ikawa namna mtu anavyouchukua mwili wake. Kwa upande wa "counterpoise", mawe yakageuka watu na mamlaka. Shakespeare, katika tamthilia ya Coriolanus, anamfanya jemadari amsifie shujaa kwamba hakuna mtu mmoja duniani anayeweza kuwekwa kitanga cha pili akalingana naye. Wanasiasa wa Ulaya wakalichukua nao. Mikataba ya Utrecht ya mwaka 1713 ilizungumzia mizani ya nguvu kati ya mataifa, na tangu hapo taifa likiitwa kizuizi cha taifa jingine, neno la dukani lilikuwa karibu.

Lakini mahali palipouuma moyo wangu ni kwingine. Ni tamthilia nyingine ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, ya mwishoni mwa karne ya 16, kwenye harusi. Kijana Claudio anamuuliza baba wa bibi harusi kama anampa binti yake kwa hiari. Baba anajibu kwamba anampa kwa hiari ileile ambayo Mungu alimpa yeye. Ndipo Claudio anauliza: na mimi nikurudishie nini, chenye thamani ya kujibu zawadi hii tukufu? Neno alilolitumia ni hilo, "counterpoise". Mtukufu aliyesimama pembeni anamjibia: hakuna, labda umrudishe yeye mwenyewe. Wageni wanadhani ni maneno mazuri ya harusi. Kumbe vijana hao wawili wamedanganywa, wameaminishwa kwamba binti ni mchafu, na sekunde chache baadaye Claudio anamrudisha kweli, mbele ya watu wote, kama mzigo uliokataliwa gatini.

Mimi nimekaa kwenye vikao vya mahari. Najua ukimya unaoingia pale mshenga anapotaja kiasi. Bibi hakupenda kusikia mtu akisema mahari ni bei. Alisema mahari ni haki ya bibi harusi, iwe nyingi iwe kidogo, na mwenye kuipima dhidi ya binti kama anapima mchele amekosa adabu. Niliposoma maneno ya Claudio nilimsikia Bibi. Kijana anatumia lugha ya mizani kwa sababu tayari kichwani ameshamgeuza mtu kuwa bidhaa, na bidhaa hurudishwa. Sijui Mwingereza wa leo anaposoma mstari huo kama anausikia mlio wa minyororo ya vitanga. Mimi nausikia.

Baada ya hapo nikaanza kuwaona ndugu wa neno hili kila mahali, wengine wamo nyumbani mwangu. Baba alipostaafu alipewa pensheni. Pensheni ni mtoto wa "pendere" vilevile, kwa sababu Warumi wa mwanzo walilipana kwa shaba iliyopimwa, na kulipa kulikuwa ni kupima. Dispensari, kama wazee wengi wa Tanga wanavyoiita zahanati mpaka leo, ni mahali pa kugawa kwa kupima. Pauni imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "kwa uzito". Karani wa mizani akaishia kulipwa pensheni na kutibiwa dispensari, maisha yake yote ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna aliyemwambia. Nilimwambia mimi, akiwa na miaka 74. Alikaa kimya, kisha akaniomba nimwandikie kwenye karatasi.

Mawe ya Bibi nayo yalikuwa na habari. Yeye, hata baada ya kilo kuzoeleka, alihesabu kwa ratili na wakia. Ratili tulipewa na Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, kwenye neno "litra". Neno hilohilo la Kigiriki lilipita njia ya Ulaya likawa lita. Kwa hiyo mafuta ya taa tuliyoyapima kwa lita na sukari tuliyoipima kwa ratili vilikuwa vinaitwa kwa neno moja lililozunguka bahari mbili likakutana kwenye kaunta ya Ngamiani. Wakia ni hivyo hivyo. Chanzo chake ni "uncia" ya Kirumi, sehemu moja ya 12, ambayo kwa njia ya Waingereza ilitupa inchi na aunsi. Fundi cherehani wa kibarazani na bibi wa dukani walikuwa wakitamka neno moja mchana kutwa.

Mizani yenyewe ni ya Kiarabu, kutoka kwenye shina la uzani. Na hapa ndipo ninapoona Kiswahili kilivyofanya kazi yake. Kiingereza kililichukua neno la uzito kikalipeleka kwenye mwili na moyo wa mtu. Sisi, kwa kuwafuata Waarabu, tulilipeleka kwenye ushairi. Ukimwuliza malenga mizani ni nini, hatakuonyesha vitanga, atahesabu silabi kwa vidole: nane za ukwapi, nane za utao. Mjomba wangu alikuwa mtunzi, na nilipomweleza mkasa wa redio alinyamaza kidogo akagonga meza:

Mizani ina vitanga, kimoja kikiinama,
Cha pili kitajipanga, juu kipate simama.

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane. Lakini sikiliza pia kwamba utao haurudii ukwapi. Unaujibu. Kama nusu ya pili ingesema kile kile cha nusu ya kwanza, silabi zingetimia na shairi lisingekuwapo.

Ndiyo maana naudhika, na nasema bila kuficha, tunapolipeleka kila neno la mizani kwenye "usawa". Kuna mahali uzembe huo unaumiza watu. Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni fomu za ridhaa, zile anazosomewa mgonjwa kabla ya kukubali kuingia kwenye utafiti wa dawa. Humo kuna binamu wa neno langu, "equipoise". Mwanafalsafa Benjamin Freedman mwaka 1987 alieleza kwamba utafiti wa kulinganisha tiba mbili unakuwa wa haki pale ambapo madaktari wenyewe, kama jumuiya, bado hawajakubaliana ipi ni bora. Mshale umesimama katikati kwa kuwa hakuna ajuaye. Fomu moja niliyopewa kuipitia ilikuwa imeandika "kuna usawa kati ya dawa hizi mbili". Mama aliyeketi na mtoto mwenye homa akisomewa hivyo ataelewa nini? Ataelewa kwamba dawa zote mbili zinaponya sawasawa, hivyo hapotezi kitu. Ukweli ni kwamba wanaomwomba ridhaa hawajui, na wanamwomba awasaidie kujua. Nilifuta sentensi hiyo nikaandika: "Madaktari bado hawajui ipi kati ya dawa hizi mbili ni bora, ndiyo maana utafiti huu unafanyika." Maneno yameongezeka, na mwenye mradi alilalamikia nafasi kwenye karatasi. Sikuikubali ile fupi.

Nirudi Dodoma. Jioni ile nilimpigia fundi. Nilikuwa nimezungumza na mhandisi mmoja aliyenichorea picha, nikajaribu kuieleza kwa simu: nyaya, zianzie chini ya mlingoti, ziende pande zote, zisiguse ardhi, zifungwe kwenye vijiti kwa vipande vya plastiki ili umeme usipotee. Hazibebi kitu, zinashika nafasi ya ardhi. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha akacheka kidogo.

"Dada, kumbe ni matengo."

Alikuwa mtu wa Pangani. Kwa asiyeijua ngalawa, matengo ni yale mabao mawili yanayoelea kushoto na kulia kwa chombo, yameshikiliwa na mirengu. Mtumbwi wa ngalawa ni mwembamba, ukiusimamishia mlingoti na tanga bila matengo unapinduka na upepo wa kwanza. Matengo si mazito. Hayalingani na tanga kwa kilo hata kidogo. Nguvu yake ni kwamba yamekaa mbali na chombo na yanapata maji ya kukanyaga. Angelikuwa anazungumzia uzito angesema farumi, mawe na mchanga unaowekwa chini ya jahazi tupu ili litulie. Hakusema farumi. Alisikia nyaya zilizotandazwa mbali chini ya mlingoti na akachagua neno sahihi ndani ya sekunde tano, neno ambalo mimi mtoto wa Tanga nimelijua tangu kuzaliwa na sikulikumbuka kwa sababu nilikuwa natazama kamusi.

Mwezi uliofuata ofisi ilinipa nafasi ya kwenda kuyaona. Niliomba mwenyewe, kwa nauli yangu. Zahanati ilikuwa vyumba vitatu na mbuyu. Mlingoti ulikuwa bomba la chuma, na nyaya sita zilitoka kwenye shina lake kama mbavu za mwavuli, zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu. Kwanza alizifunga usawa wa kifua, fundi aliniambia, mbuzi wakanasa siku ya pili. Alikuwa amenunua kitambaa chekundu akakifunga vipande vipande kwenye kila waya ili wabeba kuni wauone. Nikamwonyesha karatasi yangu mpya ya ukurasa wa 31. Niliandika "matengo ya antena", na chini yake maelezo ya mistari minne pamoja na mchoro. Aliusoma wote akiwa amesimama, kidole kikifuata mstari, akaniambia mchoro hauonyeshi mahali waya zinapokutana. Nikachora upya kwenye benchi la wagonjwa.

Ndani, muuguzi alikuwa amevuta kiti mbele ya redio. Kwenye kitanda cha chumba cha pili alilala mama aliyeanza uchungu kabla ya wakati, mama mkwe wake akimpepea kwa kanga. Muuguzi akabonyeza kitufe, akataja jina la zahanati, akauliza kama wanampata. Mlio wa mvua ukajaa chumbani. Akabonyeza tena, akauliza tena. Fundi alikuwa mlangoni, macho yake kwenye zile nyaya nje na siyo kwenye redio.

"Tunakupata vizuri," ikasema sauti ya mwanamume kutoka hospitali ya wilaya. "Endelea, zahanati. Endelea."

Muuguzi akavuta daftari karibu na kuanza kusoma: umri, mimba ya ngapi, mapigo ya mtoto.